Swali la Kumi

Mama Mikono alikuwa amepokea watoto wengi mpaka akaacha kuhesabu, na jina hilo hakujipa mwenyewe, alipewa na wazazi. Mtoto akikaa vibaya tumboni, akijizungushia kitovu shingoni, akitanguliza makalio, wanawake wa mtaa ule walikuwa na dua moja tu: zamu iwe ya Mama Mikono. Ukitoka naye kwenda sokoni hufiki. Kila hatua tatu anasimamishwa, "Shikamoo mama, huyu ndiye yule wako," na jitu zima lenye ndevu linasukumwa mbele limsalimie aliyemkata kitovu. Alizoea kushukuriwa. Tena alizoea mno, tuseme ukweli, kiasi kwamba yeye mwenyewe neno ahsante lilimtoka kwa taabu kama jino linalong'olewa.

Wala msidhani alikuwa mkunga wa kukataa kila jipya. Kile kikombe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni alikitumia miaka ishirini na minane, na siku ilipoletwa mashine ndogo yenye spika alikiweka kabatini bila kinyongo. "Sasa na mama naye anamsikia mwanawe," alisema, "kuna ubaya gani?" Watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, zamani walilazwa peke yao kwenye sanduku la kioo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza pale kituoni kuwafunga kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, hata kifuani kwa baba zao, na baba mmoja alisinzia hivyohivyo mdomo wazi, wodi nzima ikavunjika mbavu. Hapana, mambo mapya hakuyaogopa. Ugomvi wake ulikuwa na karatasi moja tu.

Karatasi hiyo aliileta Taratibu.

Huyu Taratibu alikuwa muuguzi wa afya ya akili, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyehamishiwa pale kutoka hospitali kubwa. Siku ya kwanza alipoingia kwenye chumba cha wazazi, yaani wale waliojifungua karibuni, karani wa mapokezi alimtazama juu mpaka chini akamuuliza, "Umepotea njia, kaka?" Naye akajibu, "Sijapotea, dada. Nimetumwa." Jina alilipata wiki hiyohiyo, kwa sababu hakuna alichokifanya kwa haraka. Alitembea polepole, alizungumza polepole, hata chai aliinywa kama anayeionja kwa niaba ya mtu mwingine. Foleni ikifika nje ya mlango, yeye bado yuko na mgonjwa wa tatu.

Aliwakusanya wakunga na wauguzi wote akawaeleza. Mzazi akirudi kliniki baada ya wiki sita, mbali na kumpima mtoto uzito na kumtazama mama kidonda chake, aulizwe maswali kumi. Unacheka kama zamani? Unajilaumu bila sababu? Unalala mtoto akilala? Maswali ya namna hiyo, na kila swali lina majibu manne ya kuchagua, kuanzia "hapana kabisa" mpaka "mara nyingi". Akawafundisha na namna ya kuuliza. "Ukishauliza, funga mdomo. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Usimsaidie kujibu."

Mama Mikono alijaribu siku ya kwanza, akafika mbili.

Maswali tisa hakuwa na neno nayo. Ila lile la kumi lilisema: katika siku saba zilizopita, umewahi kufikiria kujidhuru? Alipolisoma mara ya kwanza aliivua miwani akaifuta, akasoma tena, akamtazama Taratibu kama aliyetukanwa.

"Hili tunamuuliza mama anayenyonyesha?"

"Hasa huyo, mama."

"Mzazi mbichi, mwanangu, masikio yake yako wazi kama ya mtoto wake. Ukimuuliza habari za kifo ni sawa na kumwonyesha mtoto kiberiti."

"Swali halimpi mtu wazo ambalo hana," Taratibu alisema. "Kama wazo analo, ndipo anapata wa kumwambia."

Mama Mikono alinyamaza, lakini kunyamaza kwake hakukuwa kukubali. Hapo ndipo alipotenda kosa ambalo ni mkunga mwenye huruma na kiburi, vyote viwili kwa kipimo sawa, ndiye angeweza kulitenda. Kila asubuhi ya kliniki hiyo, mara moja kwa wiki, kabla mlango haujafunguliwa, alikaa na kikombe chake cha chai na rundo la karatasi za siku hiyo. Moja baada ya nyingine, kwenye swali la kumi, kwenye "hapana kabisa", aliweka alama ya vema kwa kalamu yake. Kisha mchana anawauliza wazazi maswali tisa na kuwaaga kwa bashasha. Aliona amewakinga. Ajabu ni kwamba huyuhuyu ndiye aliyewaambia wanawake waliosita kuvua nguo ili wapimwe, "Mficha uchi hazai, mama." Miezi minne alikwenda hivyo, na karatasi zote zilikuwa safi, na ripoti ilipendeza.

Sasa, nyumbani kwake alikuwepo Kitinda.

Kitinda alikuwa mwanawe wa mwisho, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, anarudi wiki moja haonekani tatu, hivyo Mama Mikono alimchukua binti yake na mjukuu akae nao mwenyewe. Nani angekataa? Kulelewa uzazi na Mama Mikono, wanawake wengine wangetoa macho yao. Maji ya moto yapo, uji upo, mikono iliyopokea nusu ya mtaa ndiyo inayombeba mtoto wako.

Na jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa yule mama waliyemwita Redio, kwa sababu habari ikiingia sikioni kwake saa mbili, saa tatu imefika kituo cha mabasi. Kila asubuhi Redio alichungulia juu ya ukuta akaita, "Jirani, mzazi hajambo?" Mama Mikono, hata kama yuko jikoni amepiga magoti anachochea jiko, alijibu kwa sauti ya kusikika nyumba ya tano, "Hajambo kabisa! Anakula, analala, maziwa tele." Shangazi akipiga simu, hajambo. Mkwe akipiga simu kutoka barabarani, hajambo, wewe angalia usukani. Kitinda yuko chumbani anasikia.

Dalili zilikuwepo, nisikufiche. Kitinda alikunja nepi, akazikunjua, akazikunja tena. Nguo za mtoto alizipanga kwa rangi, na mtoto akilala yeye anafuta madirisha. Mama yake aliona, akajisifia kwa watu kwamba huyu kanifuata kwa usafi. Jambo jingine, Kitinda hakusema "mwanangu". Alisema "mtoto wenu". Mtoto wenu amelala, mtoto wenu anataka kubadilishwa. Mama Mikono alicheka akidhani binti anamheshimu bibi. Mganga hajigangi, walisema waliotangulia, na ya kwake alikuwa hayaoni.

Wiki ya sita ikatimia. Asubuhi ya siku yenyewe Mama Mikono alimwambia binti yake, "Njoo saa nne, foleni inakuwa imepungua. Nitakuhudumia mwenyewe." Sheria ya kituo ilisema mkunga hamuulizi ndugu yake maswali yale. Yeye alijiambia sheria hutungwa kwa ajili ya wasiojuana. Akafika kazini, akanywa chai, akaweka vema zake saba, na karatasi ya Kitinda ilikuwa mojawapo.

Saa nne kasorobo akaletwa mama mwenye uchungu, mimba ya tatu, na wa tatu hao hawana adabu ya kusubiri. Mama Mikono alivaa glavu akaingia chumba cha kujifungulia. Mtoto alitoka kichwa, bega likakwama, na kwa dakika chache hapakuwa na Kitinda wala karatasi duniani, palikuwa na bega lile tu. Akamgeuza mama, akaingiza mkono, akalitoa. Mtoto akalia. Mama Mikono akasubiri kondo la nyuma, akakagua kama limetoka zima, akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, akaosha mikono mpaka viwiko. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Karani alimkuta koridoni, amembeba mtoto wa Kitinda begani anampigapiga mgongo.

"Kitinda yuko kwa Taratibu," alisema karani. "Yumo ndani tangu saa nne na robo. Mtoto ameshapimwa, ameongezeka vizuri."

"Saa nzima? Anampima mwanangu au anamshonea suti?"

Akaenda kwa mwendo wake wa kikazi. Chumba kile hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la waridi lililokatika vishikizo vitatu, linafungwa kwa kibanio cha nguo. Akashika kibanio. Ndipo akasikia sauti ya Taratibu, ileile isiyo na haraka.

"Limebaki moja, la kumi."

Kisha Kitinda akasema, "Hilo si limeshajibiwa?"

"Limejibiwa na nani?"

"Hiyo vema ni ya mama. Naijua, ina mkia mrefu. Nilipokuwa shule alikuwa akinisahihishia daftari nyumbani kabla sijalipeleka kwa mwalimu." Akacheka kidogo, na kicheko hicho mama yake hakuwahi kukisikia. "Mama ameshasema hapana. Wewe andika hapana."

Mkono wa Mama Mikono ulibaki pale kwenye kibanio. Alisikia droo ikifunguliwa.

"Karatasi hii niliichukua kimakosa," Taratibu alisema. "Hii hapa ni safi, hii ni yako wewe. Nakuuliza wewe. Katika siku saba zilizopita, umewahi kufikiria kujidhuru?"

Mama Mikono alijikuta anahesabu, yeye ambaye hakuwahi kupita mbili. Tatu. Nne. Alitaka kuvuta pazia aingie aseme hapana, mwanangu hana mambo hayo. Sita. Saba. Kule koridoni mjukuu alipiga chafya. Tisa.

"Ndiyo," Kitinda akasema.

Kisha maneno yakamtoka polepole kama maji ya bomba lililoziba muda mrefu. "Karibu kila siku. Sijapanga kitu. Ila nakaa nafikiri huyu mtoto angepata mama mwingine angekuwa na raha. Kwamba siku nisipokuwepo, hapataharibika chochote pale nyumbani. Kila kitu mama anakiweza."

"Ahsante kwa kuniambia," Taratibu alisema.

Miaka thelathini na minne Mama Mikono amefanya kazi hospitali, hakuwahi kusikia mhudumu akimshukuru mgonjwa. Alirudi nyuma hatua mbili, kwa sababu kilichobaki hakikuwa chake kukisikia, na aliyesomea kazi ile anajua kwamba pazia likifungwa masikio nayo yafungwe. Akakaa kwenye benchi la koridoni katikati ya wazazi wenzake Kitinda. Mama mmoja akamsogezea mtoto, "Mama Mikono, huyu wako, umemsahau?" Alimtazama yule mtoto asimwone. Moyoni alikuwa anasema jambo moja tu: ningekuwa mimi pale kwenye kiti, mwanangu angetoka na hapana yangu, angerudi nayo nyumbani.

Hofu ilimjaa. Na chini ya hofu, bado hajaitambua, ilikuwepo shukrani.

Baadaye kidogo Taratibu alitoka, akachuchumaa mbele yake ili wazungumze kwa sauti ya chini.

"Kitinda anaomba uingie. Yeye ndiye aliyetaka, mimi sikumlazimisha."

"Nilisikia," Mama Mikono alisema. "Nilikuwa pale."

"Najua. Pazia ni fupi, mama. Viatu vyako vinaonekana."

Akaingia. Kitinda alikuwa amekaa, mikono mapajani, uso umevimba kwa kulia lakini mabega yameshuka, yale mabega aliyokuwa ameyapandisha wiki sita. Mama Mikono akaanza palepale, ndivyo alivyoumbwa, "Mwanangu, mbona hukuniambia, mimi mama yako, nalala chumba cha pili—" Taratibu alimtazama. Mama Mikono akafunga mdomo. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Ningekwambia lini, mama?" Kitinda alisema, wala si kwa ukali. "Redio akiuliza, unajibu wewe. Shangazi akiuliza, unajibu wewe. Mume wangu akipiga simu, unajibu kabla hujanipa simu. Nilikuwa nakusikia nikiwa chumbani, nikajiambia labda mama anajua kuliko mimi. Mama ndiye mkunga."

Nimewahi kuwasikia watu wakisema mzazi hamwombi radhi mwanawe. Wasemao hivyo hawakuwepo siku ile. Mama Mikono alivuta kiti akakaa magoti yake yakigusana na ya binti yake, akaishika ile mikono iliyokunja nepi mpaka vidole vikachubuka.

"Nimekosa, mwanangu," alisema. "Nimekujibia hata usiyoulizwa. Nisamehe." Akalia, na hakugeuka ukutani.

Taratibu akawaeleza kwa lugha ya kueleweka. Ugonjwa huu una jina, sonona ya baada ya kujifungua, unawapata wengi, si laana wala uvivu, na unatibika. Daktari atamwona leo hii na kumpa dawa zisizomzuia kunyonyesha. Kitinda atakuja kuzungumza na yeye Taratibu mara mbili kwa wiki. Kwa sasa asiachwe peke yake nyumbani, na mume aambiwe leo, na Kitinda mwenyewe ndiye atakayemwambia. Namba ya simu hii hapa, saa yoyote. Na jambo la mwisho alimwelekezea bibi: mchana kila siku amchukue mtoto kwa muda wa saa tatu, mama alale.

"Na akilala, mama," Taratibu aliongeza, "usimwamshe kumuuliza kama amelala."

Kitinda alicheka. Safari hii kicheko kilikuwa cha zamani, kidogo tu, lakini mama yake alikitambua.

Kesho yake mchana, wazazi walipokwisha, Mama Mikono alikwenda kwa Taratibu na faili la kijani. Akaliweka mezani akabaki amesimama kama mwanafunzi.

"Humu mna karatasi themanini na nne," alisema. "Swali la kumi sikuwauliza hata mmoja. Nilijaza mwenyewe, na chai mkononi."

Taratibu alifungua faili akatazama vema zile, zote na mikia yao mirefu. Mama Mikono hakuhesabu, alisubiri tu.

"Mkuu wa kituo utamwambia wewe au mimi?"

"Mimi."

"Basi ukishamwambia, njoo tuwatafute. Wote."

Mkuu wa kituo alimpa barua ya onyo, na Mama Mikono aliipokea kwa mikono miwili kwa sababu aliona ni haki yake. Kisha wakaanza. Waliokuwa na simu walipigiwa wakaombwa waje, wasiokuwa na simu Mama Mikono aliwafuata kwa miguu, na faili lake kwapani, tangu mitaa ya juu mpaka kule nyuma ya karakana za mabati. Alikuwa anakaa, anamtazama mama usoni, anaomba radhi kwanza. "Siku ile kuna swali sikukuuliza. Nimekuja kukuuliza." Wengi walimjibu hapana, tena wengine kwa kumshangaa, na mmoja alicheka akamwambia, "Mama Mikono, na umri huo wanakutuma shule?" Akamjibu kwamba ndiyo, na amewekwa dawati la mbele.

Sita hawakusema hapana.

Mmoja kati ya hao sita alikasirika. Alikuwa fundi cherehani, alisimamisha mashine, mguu bado uko kwenye pedali, akamuuliza, "Mbona siku ile hukuniuliza? Siku ile ningekujibu nikiwa bado nina nguvu ya kujibu." Mama Mikono angeweza kumtolea sababu hamsini. Alisema, "Nilikuogopa." Fundi alimtazama kitambo, akazima mashine, akafunga kibanda, wakaenda pamoja kwa Taratibu bila kuzungumza njiani. Watano wengine nao walifika, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyechelewa kwa kiasi cha kutosaidika. Kwa hilo Mama Mikono alishukuru kila alipolala na kila alipoamka. Lakini wanne hawakupatikana kabisa, wamehama, simu hazipo. Karatasi zao alizitenga kwenye bahasha, ipo kwenye droo yake mpaka leo, na kila mwezi anajaribu zile namba.

Mwezi wa tatu, Kitinda akiwa ameanza kulala na kula na kugombana na mumewe kwenye simu kama watu wazima, Mama Mikono alifungua kabati la kituoni akakitoa kile kikombe cha mbao. Akakifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake la kazi, akakipeleka chumba chenye pazia fupi.

"Chukua," alimwambia Taratibu.

Taratibu alikigeuzageuza mkononi. "Lakini, mama, siku hizi kuna mashine."

"Mashine inasikika hata watu wakipiga soga. Hiki hakina betri. Ili usikie lazima unyamaze, na chumba kizima kinyamaze. Mimi nilikitumia miaka yote hiyo, nikajifunza kumnyamazia mtoto aliye tumboni. Mama yake sikuwahi kumnyamazia." Akasimama kidogo. Neno lilikuwa njiani, linapita pale penye jino. "Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa ile saa nzima uliyonicheleweshea foleni."

"Waliniambia nitakusanya malalamiko tu hapa kwenu," alisema Taratibu.

"Kawia ufike," Mama Mikono alisema. "Wewe umefika na mwanangu."

Sasa hebu nimalizie na asubuhi moja pale nyumbani, maana ndiyo niliyotaka kuisema tangu mwanzo. Kitinda alikuwa sebuleni na mtoto mapajani, anamvalisha soksi ambayo mtoto anaivua. Mama Mikono jikoni, amepiga magoti. Redio, kama kawaida yake, akaning'inia juu ya ukuta.

"Jirani! Mzazi hajambo?"

Mdomo wa Mama Mikono ulifunguka wenyewe, kwa mazoea, na lile "hajambo kabisa" lilikuwa tayari mlangoni. Akalimeza. Lilishuka kwa shida.

"Yumo ndani," akasema. "Ingia umuulize mwenyewe."

Redio alizunguka mbio akaja, maana mwaliko kama huo haupati kila siku. Akasimama kizingitini. "Mzazi, hujambo?"

Mama Mikono alishikilia upawa. Alijua atakalojibu Kitinda litakuwa kituo cha mabasi kabla ya saa sita. Alijua na Kitinda anajua.

"Leo sijambo," Kitinda alisema. "Juzi sikuwa sawa. Tangu nilipojifungua nimekuwa nikiumwa, dada, si mwili, ni moyo na kichwa. Ilifika mahali sikutaka kuwepo. Natibiwa pale kituoni, na naendelea vizuri." Akamvuta mtoto karibu. "Na huyu mwanangu ameota jino. Njoo uone."

Mwanangu, alisema. Jikoni, Mama Mikono aliinamisha uso juu ya jiko, na moshi ulibebeshwa lawama ambayo haikuwa yake.

Redio hakusogea kuona jino. Alivua kandambili moja, akavua ya pili, akakaa palepale sakafuni, na sauti yake, ambayo mtaa mzima unaijua, ikawa ndogo.

"Mimi nilipomzaa wa pili," alisema, kisha akanyamaza.

Huyo wa pili Mama Mikono alimpokea mwenyewe, miaka kumi na minne iliyopita. Alimkata kitovu, akamfunga vizuri, akamwambia kila aliyeuliza kwamba mama hajambo kabisa. Akaipua sufuria. Akafuta mikono, akaja akakaa sakafuni mbele ya jirani yake, hakumsaidia neno hata moja, akahesabu.

Alipofika saba, Redio akaanza kusema.